Krosi ya breki za ringi kwa njia za Mombasa: pesa ianze kwa tairi, jicho likae kwa ringi

Vijana wananiuliza sana siku hizi, hasa hawa wanaoanza kutoka Nyali na Bamburi kwenda kuendesha huko ndani, ati ni lazima ununue baskeli mpya ya changarawe yenye breki za diski ndio upite njia za Rabai na Kaloleni? Mimi nasema hapana. Kama unayo krosi ya zamani, ile saiklokrosi (baskeli ya mashindano ya matopeni) ya breki za ringi, zile zinazobana ringi yenyewe kwa raba, au umeiona kwa mtumba na bei imekaa vizuri, ichukue, inatosha kabisa kwa njia zetu, bora tu ujue pesa unaiweka wapi kwanza.

Zimekuwa rahisi kwa sababu UCI, chama cha baskeli cha dunia, iliruhusu breki za diski kwenye mashindano ya saiklokrosi mwaka 2010, basi huko Ulaya watu wakahamia diski polepole na hizi zikawa za kuuzwa. Fremu haina ubaya wowote. Ilitengenezwa kwa ajili ya matope, foki yake ina nafasi kuliko ya baskeli ya lami, waya nyingi zimepitishwa juu ya bomba la juu mbali na uchafu, na unaiweka begani bila shida, kitu ambacho utakishukuru msimu wa masika ukikuta maji yamekata njia.

Tairi ndio kitu cha kwanza. Sheria ya mashindano ni upana usizidi milimita 33, ndio maana nyingi zinakuja na 32 au 33 zenye meno makubwa, na kwa matembezi yetu ambapo unaanza na lami Kisauni unapita Utange mpaka Mwakirunge ukiwa ushaonja lami, murram, mchanga na mawe asubuhi moja, zile zinachosha, kwenye lami zinavuma na kwenye mchanga zinazama. Tafuta 35 au 38, laini katikati na meno pembeni. Ila usilipe kabla hujapima. Ukitoka 33 kwenda 38 unaongeza milimita 2.5 hivi kila upande, na kwenda juu inaongezeka zaidi ya hapo, na mimi napenda ibaki nafasi ya milimita 4 kati ya tairi na fremu, kwa hivyo chukua alenki ya milimita 6 uipitishe pembeni ya tairi uliyonayo, kwenye foki na kwenye yale mabomba mawili ya nyuma karibu na pedali. Ikipita na ikabaki na nafasi kidogo, 38 itakaa. Ikigusa, tosheka na 35, manake udongo mwekundu wa Rabai ukilowa unajaa pale na kusaga rangi, na kama fremu ni ya kaboni unasaga fremu yenyewe.

Kuna wanaoshauri uweke magurudumu madogo ya 650b upate tairi nene zaidi. Kwa breki hizi kwa kawaida haiwezekani. Ringi ya kawaida kipenyo chake ni milimita 622 na ile ndogo ni 584, yani ringi inashuka milimita 19 chini ya raba za breki, na vile vishikio vya breki vimeunganishwa na fremu hapo hapo, havisogei.

Upepo je? Mtu wa kilo 70 na tairi ya 38 yenye tyubu, anza na PSI 40 mbele na 45 nyuma halafu ucheze nayo. Usishuke sana, mawe ya matumbawe yana ncha na yanabana tyubu kwenye ringi mpaka inatoboka sehemu mbili. Habari za kuendesha bila tyubu mimi sizipendi kwa ringi hizi za zamani, hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na ule utomvu wa kuziba kwa joto letu unakauka haraka. Beba tyubu mbili na viraka, inatosha.

Sasa breki, na hapa ndio maneno mengi. Kantileva, hizi breki za mikono miwili zinazokuja na krosi, zina jina baya lakini mara nyingi ni vile zimefungwa. Ule waya mfupi unaounganisha mikono miwili, ukiushusha karibu na tairi breki inapata nguvu, ukiupandisha inapoa. Wazungu wanaupandisha wapate nafasi ya matope, lakini huku matope ni ya msimu, siku nyingi ni vumbi, basi ushushe, acha kama sentimita mbili juu ya tairi. Na mbele usitoe kile kibati cha kushikia rifleta, tafadhali sana, kwa sababu waya mkubwa ukikatika ule mfupi unadondoka kwenye meno ya tairi na gurudumu linajifunga ghafla ukiwa kwenye mteremko. Kibati kinaudaka.

Halafu kuna ule mtetemo. Unabana breki ya mbele na foki inatetemeka mpaka usukani unakurusha mikono, beringi za kichwa uzikague ndio lakini mara nyingi ziko sawa. Kinachotokea ni kwamba waya umeshikiliwa juu pale kwenye kichwa cha baskeli, foki ikisukumwa nyuma na breki waya unavutika wenyewe, breki inabana zaidi, foki inarudi, breki inaachia, na hivyo hivyo haraka haraka. Dawa ni kishikio cha waya kinachofungwa chini kwenye taji la foki, au uweke mini-V, yani breki ya V yenye mikono mifupi.

Mimi ushauri wangu ni mini-V mbele, nyuma uache kantileva. Mini-V mikono yake ni milimita 80 mpaka 90. Zile V za baskeli za mauntaini ambazo fundi yeyote anazo ni zaidi ya 100 na zinataka waya mwingi kuliko liva ya usukani huu uliopinda inavyoweza kuvuta, utabana mpaka liva iguse usukani na bado hujasimama. Kwa tairi ya 38 chukua 85 au 90, fupi zaidi waya unakuja kugusa tairi. Ujue pia raba zitakaa karibu sana na ringi kwa hivyo gurudumu lazima linyooke, na uweke kirekebisho cha waya cha kuzungusha kwa vidole, bila hicho kutoa gurudumu lenye tairi nene ni mpaka utoe upepo.

Lakini yote hayo ni bure ukisahau ringi. Kwenye diski mchanga unakula pedi na sahani, huku unakula ringi, na ringi ndio imebeba tairi. Vumbi letu jeupe na mchanga wa pwani vikinata kwenye raba vinakuwa msasa. Ukirudi nyumbani mwaga maji kwenye ringi, futa pande zote mbili kwa kitambaa, halafu toa raba uzitazame kwenye mwanga. Utaona vinyota vinang'aa ndani ya raba. Hiyo ni aluminiamu ya ringi yako tayari, na ukiviacha vitachimba zaidi, vitoe kimoja kimoja kwa sindano, kisha pitisha msasa juu ya raba. Mzee mmoja fundi pale Mwembe Tayari aliniambia, "Mwanangu, breki ikilia kwanza ioshe, usiikaze," na mpaka leo naona ni neno la kweli. Ukipata raba za Kool-Stop zile za rangi ya samoni zichukue, haziumizi ringi na zinashika hata kukiwa na maji.

Kila baada ya muda weka rula wima kwenye ukuta wa ringi pale raba inapopita. Ukiona mwanga chini ya rula, ukuta umeliwa umekuwa bonde. Ringi nyingi zina mfereji mdogo au kitundu cha alama, kikifutika ringi imekwisha, hata kama inazunguka imenyooka. Usiibembeleze. Upepo wa tairi unasukuma ule ukuta kwenda nje, siku ukipasuka unapasuka ukiwa kwenye mwendo.

Giya sina mengi. Krosi nyingi mbele zina meno 46 na 36, na kama umewahi kupanda kutoka Kombani kupitia Golini kwenda Kwale jua likiwa limeshawaka unajua 36 na kaseti ndogo nyuma ni adhabu. Kaseti ya meno 11 mpaka 32 na direla (kile kinachohamisha cheni nyuma) yenye mkono mrefu kidogo itakuokoa, na kama duara la bolti za mbele ni milimita 110 unaweza kushusha 36 iwe 34.

Chumvi ya hewa yetu nayo haisahau mtu. Toa bomba la kiti upake grisi, kwa kaboni tumia ile pesti yake maalum, toa na mikono ya breki upake grisi vile vishikio, vikiganda hapo breki moja inabana na nyingine imelala.

Na ukienda kuangalia ya kununua, shika tairi ujaribu kuisukuma pembeni itoke kwenye ringi. Kama imegandishwa kwa gundi hiyo ni tyubula, tairi ya mashindano inayobandikwa kwenye ringi yake maalum, teremsha bei hapo hapo, manake utahitaji magurudumu mengine. Pima nafasi ya habu nyuma, nyingi ni milimita 130, na ikiwa hivyo magurudumu ya mtumba ya baskeli ya lami ya breki za ringi kwa kawaida yanaingia.