Jibu: Kwa nini Excel inaona "a" moja tu kwenye Arusha

Mkuu, umeuliza kwa nini fomula yako ya kuhesabu "a" kwenye Arusha, =LEN(A1)-LEN(SUBSTITUTE(A1,"a","")), inatoa 1 badala ya 2. Wazo lako halina kosa: LEN inahesabu herufi za neno lililo kwenye kisanduku A1, SUBSTITUTE inafuta kila "a", na tofauti ndiyo idadi ya "a". Ila SUBSTITUTE inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Imefuta "a" ya mwisho, "A" ya mwanzo imebaki, ndiyo maana unapata 1. Geuza neno zima kuwa herufi ndogo kwanza, kwa LOWER:

=LEN(A1)-LEN(SUBSTITUTE(LOWER(A1),"a",""))

Arusha ina herufi 6; zikitoka a zote zinabaki 4. Jibu 2.

Na ile ng' uliyouliza mwishoni, kwenye ng'ang'ania? Weka "ng'" mahali pa "a", kisha tofauti igawe kwa 3, maana kila ng' inakula nafasi tatu: (11-5)/3, yaani 2. Chunga tu ritifaa, yaani hiyo alama (') ya kwenye ng'. Simu nyingine huandika iliyopinda (’), na Excel huihesabu kuwa alama nyingine kabisa. Mimi ilinilia jioni nzima.