Maziwa yamepita vipimo, mbona jibini halishiki?

SWALI: Salaam wataalamu. Kikundi chetu cha akina mama tunakusanya maziwa ya ng'ombe wa zizini. Laktomita inasoma vizuri, alkoholi haiyakatishi, tunayapasha nyuzi 63 kwa dakika 30. Lakini tangu mvua zianze, jibini linatoka teketeke na mtindi una uchungu kwa mbali. Tunakosea wapi?
Msomaji, Machame

JIBU: Kwenye sufuria hamkosei, mama. Tafuteni kwenye kiwele. Laktomita hukamata maji yaliyoongezwa, alkoholi hukamata hasa maziwa yaliyoanza kuchacha. Seli zinazotoka kwenye kiwele kinachougua zinapita hapo bila kuonekana.

Nyingi ni seli nyeupe za damu zilizokwenda kupambana na vijidudu. Robo ya kiwele, yaani sehemu ya chuchu moja, ikiwa na afya huwa na seli chini ya 100,000 kwa mililita ya maziwa. Zikivuka 200,000, shukuni ugonjwa hata kama maziwa ni meupe na kiwele hakijavimba. Zikizidi, plasimini, kimeng'enya kitokacho kwenye damu, hukatakata kaseini, protini inayoshikanisha jibini. Donge hulegea, protini na mafuta vinaondoka na yale maji mnayochuja. Nyuzi 63 haziiui plasimini. Vimeng'enya vingine huvunja mafuta, na uchungu huanzia hapo.

Pimeni zizi kwa zizi kwa sahani ya vikombe vinne na dawa ya kipimo cha kiwele kiitwacho California (CMT). Ulizeni maduka ya dawa za mifugo Moshi mjini. Mwageni michirizi ya kwanza, kamulieni kila chuchu kwenye kikombe chake mililita 2, ongezeni dawa kiasi kilekile, zungusheni sekunde 10. Yakibaki majimaji, ni salama. Yakivutika kama mlenda, chuchu hiyo inaugua. Ng'ombe aliyezaa wiki hii msimpime, dang'a huwa na seli nyingi kwa kawaida.

Maziwa ya chuchu inayougua yasiingie kabisa kwenye ndoo ya kikundi. Ng'ombe mmoja mgonjwa anatosha kuharibu ya wote. Akamuliwe mwisho, awe na kitambaa chake. Kitambaa kimoja kwa zizi zima ndicho kinachosambaza ugonjwa. Kila ng'ombe akishakamuliwa, chuchu zichovywe ayodini, apewe majani asimame nusu saa, maana tundu la chuchu bado liko wazi na tope la mvua limejaa vijidudu. Mganga wa mifugo akimchoma antibiotiki, hesabuni siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kupokea maziwa yake tena: mabaki ya dawa hiyo huua bakteria wa kugandisha mtindi.