Ng'ombe Kalala Kwenye Lami: Nani Amlipe Nani?

Mbukwa, wasomaji. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilichunga ng'ombe wa baba huko Kongwa kabla sijajua kusoma, kisha nikaendesha malori hadi nilipostaafu. Ugomvi wa dereva na mfugaji kwa hiyo nausikia kwa masikio yote mawili. Mwezi huu barua karibu zote ni za mifugo, na sishangai. Mvua zimenyesha, na majani ya kwanza kuota ni ya kando ya lami, kwa sababu maji yote ya barabara humwagikia pale. Mnyama hajui hifadhi ya barabara. Anachojua ni majani.

*Shikamoo Mzee. Nina Noah ya abiria. Nilikuwa natoka Dodoma kwenda Morogoro, saa mbili usiku, nimeipita Pandambili kidogo, nikamgonga ng'ombe aliyelala katikati ya lami. Bampa, rejeta na taa moja kwisha. Hata sijashuka, vijana wamejaa, gogo limewekwa mbele, nitoe laki nane ndipo niondoke. Tukabishana, nikatoa laki tano. Huku nahangaika na gari, huku ng'ombe ameshachinjwa, nyama inagawanywa. Nani alipaswa kumlipa nani? Na ile nyama ilikuwa ya nani? — Dereva wa Noah, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Pole, na shukuru kwamba barua umeiandika mwenyewe.

Nianze na nyama maana najua ndiyo inayokukera. Nyama ni ya mwenye ng'ombe. Lakini mwenye ng'ombe akishalipwa bei ya mnyama mzima, kama angempeleka mnadani, halafu akabaki na nyama na ngozi, huyo kalipwa mara mbili. Watu wazima wakikaa kupatana, thamani ya nyama hutolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinachozungumzwa. Kwako hilo halikufanyika, na nina shaka kubwa zaidi: una hakika gani kwamba uliyempa laki tano ndiye mwenye ng'ombe? Mwenye mali hulia kwanza, bei hutaja baadaye. Vijana waliokuwa na gogo tayari na bei mdomoni, mimi ningewauliza chapa ya ng'ombe wao ikoje na iko paja gani. Kila boma lina alama yake, na siku hizi wengine wana hereni sikioni yenye namba. Kesho yake mwenye ng'ombe wa kweli anaweza kuja kituoni kukudai upya, na huna hata karatasi.

Sasa nani amlipe nani. Madereva wengi wanaamini ng'ombe barabarani ana makosa siku zote, na wafugaji wengi wanaamini mwenye gari analipa siku zote. Wote wanajidanganya. Kinachoangaliwa ni uzembe wa kila upande. Ng'ombe kulala barabarani saa mbili usiku bila mtu maana yake kuna zizi halikufungwa au kundi halikuhesabiwa jioni, na hapo mwenyewe ana la kujibu. Anaweza hata kudaiwa rejeta yako. Lakini na wewe utaulizwa swali moja tu: ulikuwa mwendo gani?

Chukua hesabu hii. Ukiwa kwenye 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Kuona, kushtuka na kuhamisha mguu huchukua sekunde moja na nusu hivi kwa mtu asiyechoka, na hapo mita 33 zimekwenda bila breki kuguswa. Kusimama kabisa, kwenye lami kavu, matairi mazuri, ni kama mita 70 tangu ulipomwona. Kwenye 100 zinakaribia mita 100. Taa ukizishusha dimu kwa sababu lori linakuja, unaona labda mita 50 mbele, na hapo vioo vya taa viwe safi. Maana yake kwa mwendo huo wa 80 na taa za dimu, ng'ombe mweusi aliyelala ungemgonga kabla gari halijasimama, hata kama ulimwona. Hukuandika mwendo wako, nami sikuulizi hapa gazetini.

Kwa nini walale pale? Lami hukaa na joto la mchana hadi usiku mnene, na wakati wa mvua ndiyo sehemu pekee iliyo kavu. Ng'ombe aliyelala hakurudishii mwanga wa macho pia. Macho ya mnyama hung'aa akikutazama tu. Akikupa mgongo, au akiwa ameinamisha kichwa anakula, huoni chochote. Ukingoja macho, umechelewa.

Siku nyingine ikitokea (Mungu apishe mbali), simama. Sheria ya Usalama Barabarani inataka usimame na utoe taarifa polisi, hata aliyegongwa akiwa mbuzi. Washa taa za dharura, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, abiria washuke wakae nje kabisa ya barabara, maana ajali ya pili ndiyo huua watu. Aliyeumia apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwe. Piga picha: mnyama alipoangukia, alama za matairi, chapa, hereni, gari lako. Mwite mwenyekiti wa kijiji, namba yake utaipata kwa muuza duka yeyote. Ukiona watu wamepandwa na hasira na panga zimeanza kuonekana, usibaki kubishana sheria, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukaripoti huko. Kukimbilia polisi ni jambo moja, kukimbia ni jambo jingine, ila uwe umefika kweli.

Kupatana si dhambi. Ila iandikwe: nani kalipwa, kiasi gani, kwa mnyama gani, kwamba hana dai tena, na muhuri wa kijiji chini. Kabla ya hapo mpigie mtu wa bima. Kama una bima kubwa, rejeta na bampa vingeweza kulipwa kwa ripoti ya polisi, lakini mikataba mingi inakukataza kukiri kosa au kulipa mtu kabla hujawaambia wao. Laki tano za gizani zinaweza kukunyima milioni. Kama ni bima ndogo, ile ya lazima, gari lako ni juu yako mwenyewe, haitengenezi hata kioo.

*Mzee, nami niulize kuhusu hiyo nyama ya ajali. Basi letu liligonga ng'ombe, abiria wengine wakanunua. Mimi Mwislamu nilikataa, wakanicheka. — Mama Kondoa*

Wamekosea kukucheka, mama yangu. Aliyekufa kwa kugongwa ni kibudu. Sura ya Al-Maida, aya ya 3, inamtaja aliyekufa kwa kipigo na aliyekufa kwa kuanguka, kisha inamtoa yule mliyewahi kumchinja. Akiwa bado na uhai, akachinjwa kwa kisu na kwa jina la Mungu, hilo ni suala jingine, na wa kukuambia zaidi ni sheikh wako, si dereva mstaafu. Mimi nakwenda kwenye la afya: nyama yoyote ya barabarani, ya Mwislamu au ya Mkristo, haijapimwa na afisa mifugo. Mnyama aliyegongwa mara nyingi utumbo umepasuka ndani, na kinyesi kimeingia kwenye nyama. Tena hujui alichomwa dawa gani wiki ile. Ulifanya vyema kuiacha.

*Shikamoo Baba. Sisi ni wafugaji wa Longido. Lori liliparamia mbuzi wetu wakivuka jioni, wakafa sita, halikusimama. Mwanangu wa miaka tisa ndiye alikuwa nao, kaponea chupuchupu, alisoma namba za lori nusu. Tunaweza kupata haki? — Mama Mfugaji*

Marahaba, mama. Dereva aliyeona mbuzi sita wamelala na mtoto amesimama, akakanyaga mafuta, huyo simtetei. Wenzangu watasema aliogopa kupigwa. Aliogopa, sawa, basi angesimama kituo cha mbele akaripoti.

Nenda polisi hata na hizo namba nusu. Taja rangi ya kichwa cha lori, maandishi ya kwenye turubai, saa, na lilikuwa linaelekea Namanga au Arusha. Kwenye njia ile malori yanasimama mpakani na kwenye mizani, si sindano kwenye majani. Namba ikipatikana kamili, kampuni iliyokatia lori hilo bima inajulikana, maana kumbukumbu za bima zinaangaliwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, kwa namba ya gari tu. Bima nyingi za mtu wa tatu, ndizo zile ndogo, hulipia na mali iliyoharibiwa, na mbuzi ni mali. Piga picha mizoga pale pale kabla ya kuiondoa, na mtendaji au afisa mifugo aandike idadi, umri na jinsia. Mbuzi jike mwenye mimba si sawa na kibeberu kidogo, liandikwe hilo.

Sasa uniruhusu niseme kama mchungaji mwenzako. Mtoto wa miaka tisa asivushe kundi barabara kuu peke yake. Kuvusha kunataka watu wawili. Mmoja anatangulia mpaka ng'ambo na kitambaa chekundu au cha njano, anasimama mahali dereva atakapomwona kwa mbali. Mwingine anawaswaga kutoka nyuma kwa mkupuo mmoja, wasikatike. Kundi likikatika katikati ndipo hatari inapoingia, kwa sababu mbuzi waliobaki watarukia wenzao hata kama lori liko mita kumi, na ndama atamfuata mama yake vilevile. Vusheni penye mnyoofu, kamwe si kwenye kona wala juu ya mlima, hata kama ndipo njia ya mababu ilipopita. Njia ile ilikuwepo kabla ya lami, najua, lakini lori halina habari.

Jambo la saa pia. Saa kumi na mbili jioni jua linamchoma dereva machoni kama anaelekea magharibi, na ndiyo saa mifugo yote inarudi kutoka majini. Mkiwahi nusu saa tu, mmepunguza hatari nyingi. Na yale mashimo waliyochimba kifusi wakati wa kujenga barabara, yaliyogeuka malambo, ndiyo yanayowavuta ng'ombe barabarani kila siku. Ombeni kijiji lambo upande ule ulio na maboma. Mimi lawama ya ajali nyingi naiweka hapo: mkandarasi alichimba upande mmoja, watu wanaishi upande wa pili, na wakati wa kuidhinisha hakuna aliyeuliza ng'ombe watapitia wapi.

Kwa wanaoongoza mifugo usiku, mkanda wa kung'aa shingoni kwa wanyama wawili watatu wa mbele na wa nyuma unasaidia kuliko tochi ya simu.

*Habari ya huko Mzee. Mimi nabeba mizigo Isiolo kwenda Moyale. Huku kwetu ni ngamia. Wenzangu wanasema ngamia ni mbaya kuliko ng'ombe, ni kweli ama ni hadithi? — Msomaji, Marsabit*

Ni kweli tupu. Ng'ombe anapigwa na bampa na boneti, uzito wake unabaki mbele. Ngamia miguu yake ni mirefu, gari dogo linaikata miguu tu, halafu mwili wa kilo mia nne na zaidi unashukia kwenye kioo na paa, pale ulipokaa. Jamaa zetu walioko Oman na Saudia wanalijua hili vizuri. Usiku ni zaidi: taa za dimu zinamulika chini, mwili uko juu ya mwanga, unachoona ni miguu minne kama vigogo vya mti, rangi ya mchanga ule ule. Wewe wa lori una kichwa kirefu, una nafuu, ila mwenye pikapu hana. Kati ya Laisamis na Turbi kukishaingia giza, mwendo wako uwe ule ambao unaweza kusimama ndani ya mwanga wako. Ikiwa ni 50, basi ni 50, na mwenye mzigo akipiga simu umwambie hivyo.

Na usimkwepe kwa kukata usukani ghafla. Kanyaga breki gari likiwa limenyooka. Magari mengi niliyoyakuta yamelala na miguu juu kwenye mitaro, ng'ombe alikuwa mzima anakula majani pembeni.

*Mzee, je honi inasaidia? Konda wangu anataka nipige tangu mbali. — Dereva wa Costa, Singida*

Honi ya mbali, fupi, ukiwa umeshapunguza, inamwamsha mchungaji, na yeye ndiye unayemtaka. Honi ndefu ukiwa karibu inawachanganya: ng'ombe husimama akutazame, mbuzi hutawanyika pande zote, punda hafanyi lolote, anabaki pale pale. Kondoo wakianza kuvuka, ngoja hadi wa mwisho, maana wakishamfuata wa kwanza hakuna honi itakayowazuia. Na ukiona ndama amesimama peke yake upande wa kushoto, angalia kulia kabla hujarudisha gia. Mama yake yuko huko, na anakuja.