Fanusi ya mbao: juu usiizibe

Ndugu yangu wa Shela, umeuliza kama vipande vya mbambakofi vilivyobaki kwenye kazi ya mlango vinafaa kwa fanusi ya mshumaa. Vinafaa sana. Ila hilo wazo la kuifunika juu kwa ubao mzima ili upepo wa kaskazi usizime moto, tafadhali liache. Hewa ya moto hupanda. Ikikosa pa kutokea, kifuniko kitaungua na vioo huenda vikapasuka. Kiinue kifuniko kwa vigingi vinne vifupi, na kipite kuta kidogo kila upande: moshi utoke, upepo usipige ndani moja kwa moja. Toboa matundu chini pia, karibu na kitako, maana moto unahitaji hewa ya kuingia. Kati ya ncha ya moto na kifuniko acha angalau sentimita 20, na upande wa ndani pigilia bati. Mshumaa uwe mfupi na mnene, ukae kwenye kisahani cha bati.

Mbambakofi ni mgumu, kwa hiyo toboa kwanza tundu kwa keekee kabla ya kutia skurubu. Nunua skurubu za shaba. Za chuma, kwa chumvi ya hapa Lamu, zitaota kutu upesi. Vioo visibanwe sana, viachie nafasi ya kutanuka.

Nakshi ichonge kabla hujaunganisha, ukiweza bado kulaza kila kipande mezani. Hapo ndipo uzuri wote ulipo, usifanye haraka. Vanishi ikauke kabisa ndipo uwashe, na usiiache fanusi ikiwaka peke yake, hasa chini ya paa la makuti.