Mtulinga na kidari: swali lililoniangusha

Juzi nimepata ujumbe wa mwanafunzi wa uuguzi: "Dada, nisaidie. Mtulinga na kidari vinanichanganya. Vyote viko juu ya kifua, vyote vina urefu wa sentimita 15 hivi."

Nimeusoma mara tatu, maana mifupa hiyohiyo, mtulinga unaotoka begani hadi chini ya koo na kidari kilicho katikati ya kifua, iliwahi kuniangusha.

Ulikuwa mtihani wa mdomo. Mwalimu aliniwekea yote miwili mezani, nikaitaja bila kusita. Kisha akauliza: "Mtu akianguka na kujikinga kwa mkono, upi uko hatarini?" Nikajibu kidari, kwa kuwa kimekaa katikati. Akawageukia wenzangu, akasema nimekariri kama kasuku. Leo mimi ndiye ninayefundisha, na neno lile bado linaniuma.

Nilijua umbo, sikujua kazi. Mtulinga umepinda kama herufi S, nao ndio daraja pekee la mfupa kati ya mkono na kiwiliwili. Hulizuia bega lisikisogelee kifua, ili mkono upate nafasi ya kuzunguka. Ukiangukia mkono, kishindo hupitia humo. Ndiyo maana huvunjika mara nyingi, hasa sehemu ya kati. Kidari ni bapa, kina vipande vitatu, na jozi 7 za juu za mbavu hushikamana nacho kwa gegedu, ile tishu imara inayopinda kama ya sikio. Hukinga moyo, tena huinuka kidogo kila tuvutapo pumzi. Ndani yake mna uboho mwekundu unaotengeneza damu hata ukubwani.

Sasa funga kitabu, ushike mwili wako. Anza begani, fuata mtulinga kwa kidole hadi kishimo cha chini ya koo. Hapo ndipo unapokutana na kidari. Pandisha bega: mtulinga utacheza, kidari kitatulia. Kutoka kwenye kile kishimo, teremka upana wa vidole vitatu hivi, utagusa kituta. Hapo hushika ubavu wa 2, na hapo ndipo tunapoanzia kuhesabu mbavu. Nusu ya chini ya kidari ndiyo tunayoikandamiza moyo wa mtu mzima ukisimama: sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Wadogo zangu, acheni kukariri! Gusa, taja, sema kazi yake. Kesho gusa tena, taja tena. Usiku wa kuamkia mtihani wa marudio nilifanya hivyo gizani, kitandani, hadi usingizi ukanichukua kidole kikiwa bado kwenye kile kituta.