Mwanangu, domovoi usimwandike jini

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Umeuliza mambo mawili kuhusu hizo hadithi za Warusi unazozitafsiri: huyu domovoi, roho wa nyumbani, umwandike jini, mzimu au nani, na kwa nini bibi kizee wa ukurasa ule anahama nyumba huku akiburuta kiatu kikuukuu kwa kamba. La pili ndilo linalofungua la kwanza, basi naanza nalo.

Izba, nyumba ya mkulima wa Urusi, ni ya magogo, na jiko lake, pech, hula karibu robo ya chumba. Ondoa mafiga akilini. Hili ni jengo zima la matofali au udongo: tumboni mwake huokwa mkate, mgongoni mwake hulala wazee na watoto wakati wa baridi. Nyuma ya jiko hilo, au chini yake, au chini ya kizingiti, ndiko anakokaa domovoi. Husimuliwa kuwa mzee mfupi mwenye ndevu, ana manyoya mpaka viganjani, na mara nyingi sura yake ni ya mwenye nyumba, aliye hai au aliyekwisha kufa.

Sasa kuhama. Kwa desturi iliyoandikwa katika karne ya 19, mwanamke mzee kuliko wote nyumbani huwasha jiko la zamani kwa mara ya mwisho. Saa sita mchana huchota makaa yanayowaka, huyatia chunguni na kufunika kwa kitambaa cheupe. Hufungua mlango wazi na kusema: "Karibu, babu, kwenye nyumba yetu mpya." Hukibeba chungu hadi kwenye nyumba mpya, ambako mwenye nyumba na mkewe wanamngoja mlangoni na mkate na chumvi. Bibi haingii tu. Hugonga miimo na kuuliza kama wageni wanakaribishwa, na wale humjibu kwa kumkaribisha babu. Ndipo huingia, hukiweka chungu jikoni, hukikung'uta kitambaa kuelekea pembe zote nne, kisha humwaga makaa katika jiko jipya. Chungu huvunjwa, na vigae vyake huzikwa usiku chini ya pembe ya mbele ya nyumba.

Kiatu unachokiuliza ni njia fupi ya jambo lilelile. Kwa kawaida ni lapot, kiatu kilichosukwa kwa gome la mti. Hufungwa kamba na kuburutwa, na domovoi huambiwa: "Babu, hii hapa sleji yako, twende pamoja." Sleji ni gari lisilo na magurudumu, la kuburutwa thelujini. Kwa hiyo bibi yako wa hadithini haburuti takataka, amempakia mtu. Usipoonyesha hivyo, msomaji atadhani kizee amechanganyikiwa.

Familia ikiondoka bila kumwalika, husemwa kwamba hubaki akilia usiku katika nyumba tupu, na kule walikohamia mifugo haistawi. Wakija wapangaji wengine na domovoi wao, wawili hao hupigana: vyungu huvunjika na watu hawalali.

Umeona basi: hafuati kuta, hufuata moto wa ukoo. Ndiyo maana neno "jini" halimfai. Jini kwetu hupanda mtu kichwani, ana kabila lake, huulizwa anataka nini. Domovoi hapandi mtu. Mzimu amekaribia zaidi, kwa kuwa wengi walimwona kama babu wa ukoo, lakini mzimu wetu ana mahali pake pa kutambikiwa na mara nyingi anajulikana ni nani. Huyu hana kaburi wala jina. Liache "domovoi" kama lilivyo, mara ya kwanza ulifafanue kwa maneno manne, "babu mlinzi wa nyumba", halafu mwachie msomaji.

Warusi wenyewe hawapendi hata kumtaja. Humwita dedushka, babu. Au khozyain, mwenye nyumba. Au kwa kifupi sam. Hilo la mwisho Kiswahili kinalipokea bila jasho: "mwenyewe". Mke wa kwetu akisema "mwenyewe hayupo" kila mtu anajua anamkusudia nani. Litumie.

Chakula chake kina siku maalumu, 28 Januari kwa kalenda ya zamani, yaani 10 Februari ya sasa. Bakuli la uji mzito huwekwa jikoni na kuzungushiwa makaa ya moto, usipoe kabla hajatoka usiku wa manane kuula. Akisahauliwa, hugeuka mkorofi. Dawa iliyotajwa ni kumchinja jogoo usiku wa manane, damu yake ikapakwa kwenye ufagio, na pembe za nyumba na za ua zikafagiliwa nao. Tahadhari hapa: uji huo kwa Kirusi ni kasha. Ukiuacha hivyo, msomaji wako ataona sanduku limewekwa jikoni.

Mahali pale anapomlemea mtu kifuani usiku, andika "jinamizi" bila woga, ni hali ileile. Mlalaji humuuliza kama ni kwa wema au kwa ubaya, nawe andika "Heri au shari?" Mkono wenye manyoya na joto ni heri, mkono wa baridi usio na manyoya ni shari.

Na farasi. Asubuhi manyoya ya shingo yakikutwa yamesokotwa, domovoi amempenda, na misuko hiyo haifumuliwi. Farasi akikutwa amelowa jasho na kukonda, rangi yake haikumpendeza mwenyewe, na huuzwa akanunuliwa wa rangi nyingine.

Usimchanganye na bannik, wa bafu la mvuke. Huyo hana upole. Bafuni hakuna picha takatifu, na watu huvua misalaba kabla ya kuingia. Makundi matatu yakishaoga, la nne ni zamu yake: huachiwa maji, sabuni na kifungu cha matawi ya mbetula. Anayeingia baada ya hapo husemekana hubabuliwa au kukosa pumzi. Woga huo una mzizi: bafu likifungwa makaa hayajaisha, hewa ya sumu hujaa ndani bila harufu, na mtu huzimia palepale. Hali kadhalika ovinnik wa banda la kukaushia nafaka, paka mweusi mwenye macho ya moto. Miganda ilikaushwa juu ya moto, na mabanda hayo yaliungua kweli.

Ukiutafsiri ukurasa wa kuhama, usikate kile kitambaa kukung'utwa pembe nne. Kinaonekana kidogo, lakini hapo ndipo babu anaposhuka. Nitumie ukimaliza, niusome kabla hujaupeleka kwa mhariri.

Mama yako