Miche inaota vizuri, kisha inalala

SWALI: Tuko watu tisa tunaotumia kitalu kimoja hapa Isevya, Tabora mjini. Nyanya na maua ya petunia zinaota vizuri, lakini baada ya siku nne au tano zinalala. Tulidhani ni sota, wale viwavi wanaokata miche, tukapiga dawa ya wadudu, hali ni ile ile.

JIBU: Sota huacha shina lililokatwa. Ng'oeni mche mmoja muutazame pale shina linapoingia ardhini. Kama pamesinyaa na kuwa pembamba kama uzi, rangi ya kitu kilichomwagiwa maji ya moto, basi ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea wa udongoni. Dawa ya wadudu haiugusi.

Kwenye kitalu cha watu wengi mkosaji ni keni ya maji. Kila anayefika humwagilia, udongo haupati nafasi ya kukauka. Pangeni mtu mmoja kwa siku, tena asubuhi. Atie kidole hadi pingili ya kwanza; akikuta unyevu, aache. Miche iliyolala iondoeni pamoja na udongo wake, upana wa kiganja, na mpunguze nyasi za kivuli. Iliyoanguka haiinuki, msiinunulie dawa.

Mkianza upya, shughulikieni udongo. Kipimo cha kawaida ni madebe 3 ya udongo wa msituni, 2 ya samadi na 1 la mchanga. Udongo wenu wa Tabora tayari ni kichanga, hivyo mchanga acheni. Samadi iwe imeoza kabisa, isiwe na joto wala harufu. Lowesheni kidogo mchanganyiko huo, jazeni nusu pipa, fukieni kiazi mviringo katikati, funikeni, washeni moto wa wastani. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Ukiwa mkavu huungua, kwa sababu mvuke ndio unaoua vimelea.

Nyanya zipandwe kina cha sentimita 1, mistari iachane 10 hadi 15. Mbegu za petunia ni kama vumbi na zinahitaji mwanga: changanyeni na mchanga mkavu, nyunyizeni juu, msifukie. Trei yake iwekeni kwenye beseni la maji inyonye kutoka chini.

SWALI: Mwenzetu hufanya kazi ya kupanga tumbaku. Ashike miche?

JIBU: Anawe kwanza kwa sabuni hadi chini ya kucha, na abadili nguo. Virusi vya batobato ya tumbaku, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, hudumu kwenye jani kavu na hushika nyanya, pilipili na petunia pia.